Barua ya wazi kwa mnaosimamia kuasili watoto: tupeni faili zima

Kwa mawaziri wenye dhamana ya watoto, waheshimiwa majaji na mahakimu, maafisa ustawi wa jamii, na ninyi wakuu wa makao ya watoto,

Nawaandikia nikiwa mzazi wa kuasili. Faili mliloliandaa kunihusu mimi na mwenzangu lilikuwa nene. Mlikuwa na hati za mishahara yetu, cheti cha ndoa, vyeti vya daktari, barua za watu wanaotufahamu, na maelezo marefu ya jinsi wazazi wetu walivyotulea na walivyotuadhibu. Afisa wenu alikagua jiko, akaangalia mahali pa kulala mtoto, akatuuliza tungefanya nini mmoja wetu akifariki. Sikukasirika hata kidogo. Anayekabidhiwa mtoto lazima achunguzwe, na ningewashangaa kama mngetupitisha bila maswali.

Faili la mtoto lilikuwa na karatasi mbili. Tarehe ya kuzaliwa: ya kukadiria. Mama: hajulikani. Baba: hajulikani. Ndugu: mstari. Magonjwa ya familia: mstari. Sababu ya kupokelewa: "mhitaji". Hali ya afya: "nzuri". Chini yake mhuri, na sahihi isiyosomeka. Huyu alikuwa mtu aliyekwisha kuishi duniani miaka mitatu hivi. Kuna aliyemzaa, kuna waliombeba, kuna waliojua akilia usiku anatulizwa vipi. Yote hayo yalikuwepo vichwani mwa watu, na karatasi zile hazikuwa na hata moja.

Ombi langu kwenu ni hilo. Iandikeni historia ya kila mtoto kwa ukamilifu tangu siku anayopokelewa, itunzeni, mkabidhini mzazi na baadaye mtoto mwenyewe, na mwendelee kupatikana baada ya amri ya mahakama kutolewa.

Siwaombi jambo jipya, kwa sababu mlishaliahidi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa tarehe 20 Novemba 1989, ambao umeridhiwa na nchi zote wanachama isipokuwa Marekani, unasema katika Ibara ya 7 kwamba mtoto ana haki, kwa kadiri inavyowezekana, ya kuwajua wazazi wake. Ibara ya 8 inazitaka nchi ziheshimu haki ya mtoto ya kuhifadhi utambulisho wake, pamoja na jina na uhusiano wa kifamilia, na pale aliponyang'anywa hayo kinyume cha sheria, zimsaidie kuyarudisha upesi. Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi unaeleza hata kile kinachopaswa kuandikwa: mtoto ni nani, ametoka katika mazingira gani, historia ya familia yake, historia ya afya yake na ya familia yake, na mahitaji yake ya pekee. Ibara yake ya 30 inazitaka mamlaka zihakikishe taarifa za asili ya mtoto zinahifadhiwa. Mkataba huo umewekwa kwa ajili ya watoto wanaovuka mipaka, lakini mtoto anayehamia kwenye familia ya mtaa wa pili naye ana moyo, ana damu, na siku moja atakuwa na maswali yaleyale.

Niwaonyeshe mstari mtupu kwenye fomu unamfanya nini mtoto.

Binti yetu alikuja na tabia moja iliyotushinda kuielewa. Kila usiku alificha mkate chini ya mto. Hilo lenyewe tulikuwa tumeandaliwa nalo, maana kwenye mafunzo tuliambiwa kwamba watoto wengi waliokulia kwenye makao huficha chakula kwa kuwa wamewahi kulala njaa au kunyang'anywa, na kwamba wanahitaji kuhakikishiwa kila siku kuwa chakula kipo. Tukaweka kikapu cha chakula kando ya kitanda, awe huru kula saa yoyote. Mwaka ukapita. Alikula akashiba, akanawiri, kikapu hakiguswi, na bado asubuhi ukiinua mto unaukuta mkate. Tena kila mara ulikuwa nusu. Kipande kimekatwa katikati kwa mkono, nusu imeliwa, nusu imefunikwa vizuri kwa pindo la shuka.

Tulimpeleka kwa mtaalamu wa saikolojia ya watoto, mtu mwema na mjuzi wa kazi yake, akaishughulikia hofu ya njaa. Angeshughulikia nini kingine? Taarifa aliyokuwa nayo ndiyo hiyo tuliyompa, na sisi tulimpa yote tuliyokuwa nayo.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda kwenye makao alikotoka kutafuta kadi yake ya chanjo. Kadi haikuonekana, lakini mfanyakazi mmoja alinielekeza kwa mama aliyekuwa mlezi wa zamu za usiku na sasa amestaafu. Nilimkuta nyumbani kwake akianua nguo. Nilipotaja jina la mtoto na mwaka aliopokelewa, aliiachia kamba, akanigeukia: "Na kaka yake mlimchukua?"

Walikuwa wamekuja wawili, mvulana wa miaka sita hivi na mdogo wake. Wavulana wakubwa walikuwa na mtindo wa kuwapora wadogo chakula, kwa hiyo kaka mtu alibana mkate wake wa jioni ndani ya shati, akangoja taa zizimwe, akapenya upande wa wasichana, wakagawana nusu kwa nusu. Baadaye mvulana akahamishiwa makao mengine kwa sababu ya umri. Binti alibaki akimwekea fungu lake, na alipokuja kwetu, asijue tena hata jina la huyo anayemwekea, mkono wake uliendelea kukata mkate katikati. Mama yule mlezi aliyajua yote haya. Angeulizwa angesema. Hakuna aliyemuuliza.

Kijana tumempata. Yeye ndiye aliyetuambia mama yao alimwita mdogo wake jina gani, na wimbo gani ulimlaza. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba mama yao alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa bado kijana, na kwa sababu ya sentensi hiyo moja daktari wa binti yetu amepanga upya vipimo vyake. Kabla ya hapo, kila tulipoulizwa hospitalini kama kuna historia ya ugonjwa fulani kwenye familia, tulijibu hatujui, na mtoto amekaa pale pale anasikiliza. Binti yangu sasa ni mkubwa wa kutosha kuamua mambo yake. Ameisoma sehemu hii, na ni yeye aliyeniruhusu niwaandikie.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, uliopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, unasema ndugu waliozoeana kimsingi wasitenganishwe, ila pale penye hatari ya wazi au sababu nyingine yenye maslahi kwa mtoto. Huenda palikuwa na sababu kwa hawa wawili, sijui, kwa kuwa hakuna palipoandikwa. Tungeambiwa, tungeomba wote wawili. Na kama isingewezekana, basi tungewapa angalau siku za kuonana. Kijana huyo amekua peke yake akijua kuna mdogo wake mahali fulani. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote ninayowaandikia humu.

Mtaniambia kwamba kuandika historia ndefu kutachelewesha, na kuchelewa kunaumiza watoto. Kwamba kuchelewa kunaumiza, ninakubali kwa moyo wote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa kwenye makao mjini Bucharest, Romania. Nusu yao walichaguliwa kwa kura kupelekwa kwenye familia za malezi, wengine wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Waliopata familia mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, ndio waliopata nafuu kubwa zaidi katika kumzoea na kumwamini mlezi wao, na tofauti ilionekana hata kwenye vipimo vya ubongo. Kila mwezi wa kusubiri una gharama, na anayeilipa ni mtoto. Lakini tuambiane ukweli kuhusu kinachochelewesha. Faili la binti yetu lilikaa mezani likingoja sahihi kwa muda ambao ungetosha kuwahoji walezi wote wa makao yale, mmoja baada ya mwingine, na kikao cha chai katikati. Historia huandikwa wakati mtoto anasubiri mambo mengine. Kinachohitajika ni daftari, mtu mwenye masikio, na mkubwa wa kazi anayelikagua daftari hilo kama anavyokagua hesabu za fedha.

Wengine mnahofu kwamba mzazi akiyajua yote atakimbia. Mama alikuwa mgonjwa wa akili, mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mtoto amepigwa, mtoto amefanyiwa mambo ambayo watu wazima hushindwa kuyatamka. Kwa hiyo mnaandika "nzuri", mnatumaini upendo utayamaliza. Nawasihi muache. Mzazi atakayekimbia akisoma, bora akimbie mtoto akiwa bado hajamwita mama au baba. Anayechukua mtoto gizani, akakutana na asichokitarajia na asijue kimetoka wapi, ndiye anayekata tamaa mwaka wa pili na kumrudisha. Na mtoto aliyerudishwa ameachwa mara mbili. Wengi wetu hatukimbii. Tukiambiwa kwamba mtoto anaogopa maji kwa sababu hii au ile, tunajua tusimwogeshe kwa kumwagia. Ni mambo madogo kama hayo yanayoifanya nyumba ikalike.

Kuna jambo zito kuliko haya, nalo ni kwa nini mtoto yupo mikononi mwenu. Mimi kama mzazi nataka kujua, na nina haki ya kujua, kwamba mtoto ninayemwita wangu hakutolewa kwa mama yake kwa sababu tu mama yake alikuwa maskini. Mwongozo ule wa 2009 unasema wazi kwamba umaskini pekee usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, bali uwe ishara kwamba familia inahitaji kusaidiwa. Mkataba wa The Hague unataka ridhaa ya mama itolewe kwa hiari, kwa maandishi, bila malipo wala kishawishi, na itolewe baada ya mtoto kuzaliwa, kamwe si kabla. Neno "mhitaji" halinielezi kama hayo yalifanyika. Mama gani si mhitaji siku anapofika kwenye lango la makao?

Na kama mnadhani haya ni ya kinadharia, itazameni Korea Kusini. Kwa miongo mingi watoto wake walipelekwa kuasiliwa ng'ambo kwa makumi ya maelfu. Mwezi Machi 2025 tume ya ukweli na maridhiano ya nchi hiyo ilitangaza kwamba serikali ilihusika katika ukiukaji wa haki za watoto hao: wapo walioandikwa kuwa yatima ilhali wazazi wao walikuwa wakijulikana, na wapo waliosafirishwa kwa utambulisho wa mtoto mwingine. Leo ni watu wazima wenye watoto wao, wanazunguka na karatasi ambazo hawajui kama zinawahusu. Wazazi waliowalea, wengi wao kwa nia safi, wamejikuta wakiulizwa maswali ambayo jibu lake lilikuwa kwenye ofisi za watu kama ninyi. Sitaki kuulizwa hivyo nikiwa mzee. Zaidi ya hapo, sitaki mwanangu awe na sababu ya kuniuliza.

Hapa ndipo linapoibuka suala la siri ya mama mzazi, na silipuuzi. Yapo mazingira ambayo jina lake likijulikana anaweza kudhurika. Lakini kuhifadhi taarifa na kuitoa ni mambo mawili tofauti. Andikeni, fungeni, wekeni masharti ya nani afungue na lini. Scotland iliwaruhusu watu wazima walioasiliwa kuona kumbukumbu zao za kuzaliwa kwa sheria ya 1930, na England na Wales zikafuata kwa sheria ya 1975. Kwa hiyo njia ipo, na wengine wameipita tangu zamani. Mwulizeni mama, akiwa na utulivu, kama angependa kumwachia mtoto barua au picha, au hata sentensi moja tu. Wengi hawakuwahi kuulizwa. Na atakayekataa, aandikwe kwamba aliulizwa akakataa, maana hata hilo mtoto atalihitaji siku moja.

Kuna afisa aliyenishauri, kwa nia njema kabisa, nisimwambie mtoto kamwe kwamba tulimwasili. Ushauri huo bado unatolewa, na nawaomba mwuondoe kwenye ofisi zenu. Siri hii haitunziki. Jirani anajua, shangazi anajua, cheti kinajua, na sasa kuna vipimo vya vinasaba ambavyo mtu anaagiza mtandaoni na kupata jibu bila kumuuliza mtu. Mtoto aliyeambiwa mapema, kwa maneno ya umri wake, hukua akilijua jambo hilo kama anavyolijua jina lake. Aliyefichwa huja kuligundua msibani, au kwenye ugomvi wa mirathi, au kwa mdomo wa mtu mwenye hasira. Hata dini zinazotofautiana kuhusu kuasili zinalijua hili. Kafala ya Kiislamu, ambayo Ibara ya 20 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inaitambua miongoni mwa namna za malezi, inamlea mtoto kwa upendo wote huku ikimwachia nasaba yake. Mimi nimeasili, mwingine analea kwa kafala, na sote tunahitaji kitu kilekile kutoka kwenu: ukweli wa mtoto, ulioandikwa.

Sasa nije kwenye yale yanayofuata baada ya amri ya mahakama. Siku ile mlitupongeza, mkapiga picha nasi, mmoja wenu akasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ni kweli tupu. Lakini tangu siku hiyo kazi ya kulea mmetuachia peke yetu. Maswali makubwa hayaji mwaka wa kwanza. Yanakuja mtoto akiwa na miaka tisa, kumi na mbili, kumi na tano, anapojitazama kwenye kioo akitafuta pua hii ni ya nani. Yanakuja anapoambiwa shuleni achore ukoo wake hadi kwa babu wa babu, kazi ya nyumbani ambayo mwalimu angeweza kuibadilisha kidogo tu kama angepewa mafunzo. Nilipopiga simu ofisini kuomba mtu wa kutusaidia, niliambiwa faili limefungwa. Limefungwa kwenu. Nyumbani kwangu lilikuwa ndiyo kwanza linafunguka. Ibara ya 9 ya Mkataba wa The Hague inazitaka mamlaka ziendeleze ushauri na huduma za baada ya kuasili, na hicho ndicho ninachokidai: afisa mmoja mwenye jina na namba ya simu, anayeweza kutafutwa na mzazi, na baadaye na mtoto mwenyewe, bila kuanza upya kueleza.

Na muwe nasi hata katika zile wiki za kwanza kabisa. Pendekezo namba 191 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2000, linasema pale sheria ya nchi inaporuhusu kuasili, wazazi wa kuasili wanufaike na ulinzi ule ule wa uzazi: likizo, mafao na usalama wa ajira. Bado wapo waajiri wanaosema, "Mtoto anatembea tayari, likizo ya nini?" Likizo ni ya kumsaidia mtoto aamini kwamba safari hii watu wake hawaondoki. Wekeni jambo hilo kwenye sheria, lisitegemee huruma ya bosi.

Najua maafisa wengi mna kesi nyingi kuliko saa za siku. Nimewaona mkitumia simu zenu na nauli zenu. Barua hii haiwalaumu ninyi mlio chini, inawataka walio juu yenu wawape muda na watu wa kuifanya kazi hii, na waihesabu kama sehemu ya kazi, isiwe hisani ya afisa mwenye moyo.

Msingoje sheria mpya ili kuanza. Kwenye makabati yenu kuna mafaili ya watoto ambao bado wako kwenye makao leo, na ya wengine walioasiliwa miaka mitano au kumi iliyopita, yenye mistari mitupu kama la binti yangu. Waliowapokea watoto hao wanastaafu kila mwaka. Baadhi wamekwisha kufariki. Agizeni kila makao yaandae orodha ya walezi wake wa sasa na wa zamani, mtumeni mtu akae nao, awaulize kuhusu kila mtoto mmoja mmoja: alikuja na nani, aliitwaje, alipenda nini, nani aliwahi kuja kumtazama langoni. Yaandikwe na yatiwe kwenye faili, nakala apelekewe mzazi aliyemchukua. Anzeni na walezi walio wazee zaidi, na muanze mwezi huu.

Wenu,
Mzazi wa kuasili